MGENI ALIKUJA, JE, MWENYEJI ALIPONA?

Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maana ya methali hiyo yajulikana katika kila nyumba. Siku mgeni anapopiga hodi, kuku huchinjwa, mafuta hutafutwa, na mtoto wa nyumbani aliyekuwa akilalia kiazi kikavu hupata naye mnofu. Ujio wa mgeni ni nafuu ya mwenyeji.

Katika pembe ya kusini-magharibi ya Uganda, huko Kisoro, Kanungu na Rubanda, wageni wamekuwa wakibisha hodi kwa zaidi ya miaka thelathini. Huja kutoka pande zote za dunia kuwatazama gorila wa milimani katika msitu wa Bwindi na katika miteremko ya Mgahinga. Tangu Julai 2024, mgeni atokaye ng'ambo hulipa dola 800 za Kimarekani ili akae saa moja tu mbele ya wanyama hao. Fedha hizo zinalisaidia taifa, nazo zimejenga mahoteli na kuwapa vijana wengi kazi.

Lakini msitu ule ulikuwa na mwenyeji wa kale kabla ya hoteli na kabla ya kibali. Mwenyeji huyo ni Mtwa. Makala haya yataka kuuliza jambo moja: mgeni alipokuja, je, mwenyeji huyu alipona?

WATWA NI AKINA NANI

Watwa, ambao katika lugha za huko huitwa Batwa, ni watu walioishi misituni tangu zama ambazo hakuna aandikaye historia awezaye kuzihesabu. Walikula nyama ya kuwinda, asali, viazi vikuu vya mwituni na matunda. Walijitibu kwa mizizi na magome waliyoyafahamu. Wako Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Kwa upande wa Uganda, sensa ya mwaka 2002 ilihesabu Watwa wapatao 6,700 tu, idadi ambayo haitoshi kuujaza uwanja mmoja wa mpira. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inawataja miongoni mwa makabila ya asili ya nchi hiyo.

Mwaka 1991 misitu ya Bwindi na Mgahinga ilitangazwa kuwa hifadhi za taifa. Nia ilikuwa njema, kwa maana gorila walikuwa katika hatari ya kutoweka kabisa. Lakini Watwa walitakiwa kutoka. Wakulima waliokuwa na mashamba yaliyojulikana waliweza kudai malipo. Mtwa hakuwa na shamba wala mpaka, wala hati. Shamba lake lilikuwa msitu mzima. Kwa sababu hiyo wengi wao walitoka mikono mitupu, wakawa maskwota pembezoni mwa mashamba ya jirani zao.

Gorila walipona. Hesabu ya mwaka 2011 iliwakuta 400 katika Bwindi. Hesabu ya mwaka 2018, ikiwa pamoja na msitu wa Sarambwe ng'ambo ya mpaka wa Kongo, iliwakuta 459. Hili ni jambo la kujivunia, na hakuna mwenye akili atakayelijutia. Linalotupasa kujutia ni kwamba katika miaka ileile watoto wa Mtwa walikuwa wakizikwa.

ARDHI NI DAWA YA KWANZA

Mara nyingi tunaposikia kwamba watu fulani wanaugua kupita wengine, husema upesi kwamba hawapendi usafi, au hawataki kwenda hospitali, au ndiyo desturi yao. Habari za Kisoro zinatukanusha.

Uchunguzi uliofanywa wilayani humo, na kuelezwa katika jarida la utabibu la The Lancet mwaka 2006, ulizilinganisha familia za Watwa zilizopatiwa ardhi na zile zisizokuwa nayo. Katika familia zisizo na ardhi, watoto 59 kati ya kila 100 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika familia zilizopata ardhi, waliokufa walikuwa 18 kati ya 100. Watu ni walewale, damu ni ileile, mila ni zilezile, na wilaya ni moja. Kilichotofautiana ni kipande cha ardhi. Tena tukumbuke kwamba uchunguzi wa afya ya Uganda nzima wa mwaka 2006 ulionyesha vifo vya watoto wa umri huo kuwa karibu 14 kati ya 100. Maana yake ni kwamba Mtwa akipata shamba, mtoto wake hukaribia kuwa sawa na mtoto wa Mganda mwingine yeyote.

Msomaji aweza kuuliza: ardhi humponyaje mtoto? Na tuitazame nyumba ya skwota.

Kwanza ni chakula. Asiye na shamba hulima la mwingine kutwa, na jioni hulipwa sahani ya viazi au maharage. Siku asipolima, jiko halina moto. Mtoto wake akishikwa na homa asubuhi, mama ana njia mbili: ampeleke zahanati watoto wengine walale na njaa, au aende shambani amwache mgonjwa mkekani. Tunamlaumu kwa kuchelewa, nasi hatujui alikuwa akichagua nini.

Pili ni choo. Mtu hawezi kuchimba choo katika kiwanja kisicho chake bila idhini ya mwenyewe, na mwenye kiwanja mara nyingi huhofia kwamba choo na nyumba ya kudumu vitageuka kuwa madai ya ardhi. Pasipo choo, minyoo na kuhara havitoki mlangoni.

Tatu ni nyumba. Kibanda cha nyasi cha mtu anayeweza kufukuzwa kesho hakisiribwi wala hakiezekwi vizuri. Chandarua hakina pa kutundikwa. Vumbi la sakafu huzaa funza, na funza huiharibu miguu ya mtoto hata ashindwe kutembea kwenda shule.

Hivyo basi, mwenye ardhi huotesha maharage, huchimba choo, husiriba nyumba, na hupata siku moja ya kumpeleka mtoto kwa mganga. Dawa hizo nne haziuzwi katika duka lolote la dawa.

UPELE ULIOFIKA MSITUNI

Wako watakaosema: hayo ni ya Watwa, sisi yatuhusu nini? Kwa hao, kisa cha mwaka 1996 kinafaa kukumbukwa.

Mwaka huo gorila wa Bwindi walionekana wakijikuna na kupoteza manyoya, na mmoja, aliyekuwa mchanga, alifariki. Aliyeitwa kuwatibu alikuwa Dakta Gladys Kalema-Zikusoka, bibi wa Kiganda aliyekuwa ameanza kazi ya daktari wa wanyama wa hifadhi. Aligundua kwamba ugonjwa ule ulikuwa upele, upele huohuo wa watu. Ulidhaniwa kuwa ulitoka katika nguo kuukuu ambazo wanavijiji walizivisha sanamu za kutishia wanyama mashambani. Gorila walitoka msituni wakazishika.

Tulitafakari jambo hilo. Walinzi walikuwepo, bunduki zilikuwepo, mipaka ilichorwa na sheria ilitungwa. Hata hivyo, upele wa mtu maskini asiye na sabuni ulivuka mpaka usiku na kumwua mnyama aliyelindwa na dunia nzima. Dakta Kalema-Zikusoka alijifunza hapo kwamba hakuna namna ya kumlinda gorila huku jirani yake anaugua. Mwaka 2003 alishirikiana na wenzake kuanzisha shirika la kuhudumia afya ya wanyama na ya wanavijiji kwa pamoja.

Ikiwa ndivyo ilivyo kati ya mtu na gorila, ni zaidi kati ya mtu na mtu. Kifua kikuu hakiulizi kabila. Surua ikiingia katika vibanda visivyofikiwa na chanjo, itafika sokoni, na kutoka sokoni itafika katika nyumba za askari.

HOSPITALI ILIYOANZIA CHINI YA MTI

Si haki kueleza maradhi tu bila kueleza juhudi. Mnamo mwaka 2001 daktari mmoja wa Kimarekani, Scott Kellermann, pamoja na mkewe Carol, walihamia karibu na Bwindi, wakaanza kuwatibu Watwa chini ya miti. Chupa za maji ya dripu zilitundikwa matawini. Mwaka 2003 kazi hiyo ikawa kituo cha tiba, ambacho leo ni Hospitali ya Jamii ya Bwindi iliyoko Buhoma, wilaya ya Kanungu. Ina chuo cha wauguzi, na ina nyumba ya kusubiria ambamo mama mjamzito atokaye mbali hukaa akingoja siku yake, badala ya kushikwa na uchungu mlimani usiku wa mvua. Mwaka 2010 hospitali hiyo ilianzisha bima ya jamii ili watu wachange kidogo kidogo wakiwa wazima na watibiwe wakiugua.

Serikali ya Uganda nayo ilifuta malipo katika hospitali na vituo vya umma mwezi Machi 2001. Watu waliokuwa wakifia nyumbani kwa kukosa ada walianza kufika. Matunda ya juhudi za miaka mingi yanaonekana. Vifo vya akina mama kwa sababu ya uzazi, vilivyokuwa 336 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai katika uchunguzi wa mwaka 2016, vilishuka hadi 189 katika uchunguzi wa mwaka 2022.

Tufurahi, lakini tusilale. Hesabu ya taifa ni kama kivuli cha mti mkubwa: ukiwa mbali waona kivuli kimoja, ukisogea waona vipande vya jua kali katikati yake. Nchi yaweza kupata nafuu kwa jumla huku kijiji kimoja kingali kinazika. Kwa sababu hiyo yafaa hesabu zifanywe kwa mahali na kwa watu, ili aliyeachwa nyuma aonekane.

MZIGO WA MWANAMKE WA KITWA

Ndani ya jamii iliyodharauliwa, mwanamke hudharauliwa mara mbili. Hulima shamba la mtu akiwa na mimba, huenda mbali kuteka maji, na wakati mwingine hufukuzwa kisimani kwa sababu tu ni Mtwa. Wako majirani wasiokubali kunywa kikombe kimoja naye. Akifika zahanati na nguo iliyochanika, huketi nyuma ya wote, na akisikia kicheko siku moja, mara ya pili atazaa kibandani.

Kuna jambo jingine ambalo ukurasa huu wa nyumbani hauna budi kulitaja waziwazi, kwa kuwa wasomaji wake wengi ni wanaume wavaao sare. Katika nchi hizi zetu imeenea imani kwamba mwanamume anayeumwa mgongo atapona akilala na mwanamke wa Kitwa. Imani hiyo ni uongo mtupu. Mgongo hauponi kwa dhambi. Kinachopatikana ni mwanamke aliyenajisiwa, na Virusi vya UKIMWI vinavyopelekwa mahali ambapo dawa ni haba, kisha vinavyorudishwa kwa mke aliyeko nyumbani. Mwanamume anayeumwa mgongo na aende kwa daktari. Anayewasimulia vijana hadithi hiyo kwa mzaha katika kilabu cha pombe na ajue kwamba anawapeleka kwenye kosa la jinai.

Mwanamke aliyetendewa hivyo ana saa chache. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI hazina budi kuanzwa mapema, na kwa vyovyote kabla ya saa 72 kupita, kisha zimezwe kwa siku 28. Asioge kabla ya kuonana na mganga. Polisi wa Uganda wana fomu maalum ya makosa ya namna hii, Fomu 3A. Askari wa zamu atakayemwambia Mtwa arudi kesho, au atakayemdai fedha ambazo hana, amemnyang'anya saa zake na haki yake pamoja.

SHERIA IMENENA

Watwa hawakukaa kimya. Kupitia umoja wao uliosajiliwa mwaka 2000 walianza kudai ardhi, na mwaka 2013 shauri lao lilifikishwa katika Mahakama ya Katiba. Tarehe 19 Agosti 2021 mahakama hiyo iliwapa haki, ikakubali kwamba walitolewa katika ardhi yao bila fidia ya kutosha na kwamba jambo hilo ndilo lililowaacha katika unyonge, ikaagiza suala la fidia lipelekwe Mahakama Kuu. Hukumu hiyo ni ya ardhi, lakini atakayekumbuka hesabu za Kisoro atatambua kwamba ni hukumu ya afya pia.

Majirani nao wamechukua hatua. Katiba ya Burundi ya mwaka 2005 iliwatengea Watwa viti vitatu katika kila baraza la bunge. Kongo ilitunga sheria ya kuwalinda watu wa asili wa misituni mwezi Julai 2022. Sheria ni mlango. Lakini mlango uliofunguliwa wahitaji watu wa kumwambia mgeni "karibu", na hao ni sisi.

SISI TULIO KAMBINI TUFANYE NINI

Askari anafahamu usawa kuliko watu wengi. Kambini mtu huingia na kabila lake, hupewa sare moja na wenzake, kitanda kimoja, chakula cha sufuria moja, na akiugua hupangwa kwa ukubwa wa ugonjwa wake. Hakuna kikosi kitakachokwenda mbali ikiwa mmoja wao anachechemea na wote wanamcheka. Desturi hiyo njema isiishie kwenye uzio wa kambi. Familia za askari na polisi zinazoishi karibu na Watwa, au karibu na watu wowote wanaodharauliwa, zinaweza kufanya yafuatayo.

Kwanza, tuyachunge maneno yetu mbele ya watoto. Mtoto hazaliwi akijua kumkataa mwenzake kikombe, hufundishwa nyumbani.

Pili, kwenye foleni ya zahanati, mama wa kambini mwenye sauti na amsemee asiye na sauti. Akimwona mjamzito ameketi nyuma kwa woga, amshike mkono ampeleke kwa muuguzi. Mjamzito anapaswa kuonana na wahudumu wa afya mara nane kabla ya kujifungua. Anayepata mara mbili tu kwa kuwa anaogopa kichekwa yu hatarini bure.

Tatu, tukimpa mtu kazi ya shamba, tumlipe kwa fedha na kwa haki, si kwa kibuyu cha pombe. Pombe hailei mtoto. Tena tumruhusu siku ya kliniki aende, na ujira wake usikatwe.

Nne, tusaidiane kupambana na funza. Sakafu ya udongo isiribwe na inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa. Miguu ioshwe kwa sabuni kila jioni na kukaguliwa. Mtoto avae viatu. Sindano au mwiba uliomtoa mtu mmoja funza usimguse mwingine, kwa maana waweza kupitisha pepopunda na Virusi vya UKIMWI. Watu walioshambuliwa sana wapelekwe zahanati. Aliye na ardhi na amruhusu skwota wake achimbe choo: choo cha jirani kinalinda kisima cha wote.

Tano, askari wa zamu na asikilize kila mlalamikaji kwa mpango wa kufika kwake, na kwa kadiri ya dhara alilopata, bila kutazama nguo wala kimo.

Mambo hayo matano hayahitaji bajeti wala mfadhili. Hayatamrudishia Mtwa msitu wake, wala hayatachukua nafasi ya ardhi ambayo mahakama imesema inampasa kufidiwa. Hilo ni deni la taifa, na wenye dhamana hawana budi kulilipa. Lakini kati ya leo na siku deni litakapolipwa, watoto wanazaliwa, na mama zao watapita njia ileile tunayopita sisi kwenda kliniki. Wakipita, tuwape nafasi.